Sahani Tano za Jazi Zilizorekodiwa Mbele ya Watu: Ipi Imfae Msikilizaji wa Unguja?

Aliyelelewa na taarab hapa Unguja haingii kwenye jazi akiwa mgeni kabisa. Anajua tangu utotoni kwamba wimbo ule ule, ukipigwa na kikundi kile kile, hauwi mmoja usiku wa leo na usiku wa kesho. Ameshaona mpiga kanuni akiirefusha taksimu yake, yaani upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo, kwa sababu mzee mmoja wa safu ya mbele ametikisa kichwa na kuvuta pumzi ya “Allah”, na ameshaona mwimbaji akiurejea ubeti mara ya tatu kwa kuwa watunzaji bado wamepanga foleni mbele yake na noti zao. Mtu kama huyo anapoanza kukusanya sahani za jazi, zinazomvuta zaidi ni zile zilizorekodiwa ukumbini mbele ya watu, ambamo anaweza kusikia nani alikuwa akipiga na nani alikuwa akisikiliza. Lakini sahani hizo ni nyingi, zinatoka mbali, na gharama ya kuifikisha moja kisiwani huweza kukaribia bei ya sahani yenyewe. Anayemudu mbili kwa mwaka hana nafasi kubwa ya kukosea, na ni kwa ajili yake ninaandika ulinganisho huu.

Kabla ya yote niseme neno juu ya jina. Kwetu Afrika Mashariki neno “Jazz” lilikaa miaka mingi katika majina ya bendi za dansi, kama Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, ambazo muziki wao wa magitaa ulikuwa wa aina yake na wenye heshima yake. Ninaposema jazi hapa nakusudia muziki wa Wamarekani weusi na walioufuata, wenye bluzi katika msingi wake na ubunifu wa papo kwa papo katika kiini chake.

Jambo la urefu nalo lisisahauliwe, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini sahani kubwa ilileta tofauti. Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, kila upande wa sahani ya wakati ule, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba takriban dakika tatu. Wimbo ambao usiku wa harusi ungekwenda mpaka watu watosheke ulilazimika kukatwa ili uenee, na wapiga jazi wa Marekani walibanwa na ukuta huo huo. Sahani ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, iliyotolewa na Columbia mwaka 1948, ndiyo iliyofungua mlango wa kurekodi kipande kizima kama kilivyopigwa, kwa dakika 14, 16 au 26 bila kukatwa. Sahani zote tano ninazozilinganisha zinatumia nafasi hiyo, kila moja kwa namna yake: Duke Ellington na bendi yake kubwa pale Newport mwaka 1956, mpiga piano Thelonious Monk na mpiga saksafoni John Coltrane katika Carnegie Hall ya New York mwaka 1957, mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili katika Village Vanguard mwezi wa Juni 1961, Coltrane katika ukumbi huo huo mwezi wa Novemba 1961, na mpiga piano Keith Jarrett pale Köln, Ujerumani, mwaka 1975.

Ninaanza na Newport, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na tunayoyajua. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, katika tamasha la wazi kwenye mji wa Newport, jimbo la Rhode Island, Ellington aliunganisha vipande viwili vya bluzi alivyovitunga mwaka 1937, na katikati yake akamwachia nafasi mpiga saksafoni Paul Gonsalves. Gonsalves alipiga mizunguko 27 mfululizo, kila mzunguko wa vipimo 12, akisukumwa na besi, dramu na piano ya Ellington mwenyewe huku bendi nzima ikimpigia kelele za kumtia moyo. Mwanamke mmoja mwenye gauni jeusi akainuka akaanza kucheza. Wengine wakasimama juu ya viti. Mpiga dramu mkongwe Jo Jones, ambaye usiku ule hakuwa katika bendi, alikaa pembeni ya jukwaa akipiga mapigo kwa gazeti lililokunjwa. Ukisikiliza utasikia sauti ya watu ikipanda hatua kwa hatua, mzunguko kwa mzunguko, mpaka haijulikani tena ni nani anamwongoza mwenzake. Hili ni jambo ambalo msikilizaji wa taarab hahitaji kufafanuliwa. Ni kutunza kwa sauti, na mpigaji analipa deni lake pale pale.

Hata hivyo sahani hiyo ina kasoro ambayo mnunuzi anapaswa kuijua kabla hajatoa fedha. Gonsalves hakusimama mbele ya maikrofoni ya kampuni iliyokuwa ikirekodi. Alielekea maikrofoni ya redio ya Voice of America. Katika sahani iliyotolewa mwaka 1956 saksafoni yake inasikika kama inatoka chumba cha pili. Zaidi ya hayo, Ellington hakuridhika na upigaji wa baadhi ya vipande vya usiku ule, hivyo siku mbili baadaye bendi iliingia studio ikavirekodi upya, na makofi yakabandikwa juu yake ili vifanane na vya tamasha. Kwa miaka zaidi ya 40 watu walinunua “Newport” ambayo sehemu yake kubwa haikupigwa Newport. Kanda za redio zilipopatikana katika miaka ya 1990, zilioanishwa na kanda za kampuni, maikrofoni moja ikawekwa upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, na mwaka 1999 kwa mara ya kwanza tamasha lote likasikika kama lilivyokuwa, tena kwa stirio, katika sidii mbili.

Hukumu yangu juu ya Newport, kwa hiyo, imegawanyika. Kwa moyo ningeitanguliza mbele ya zote. Kwa mkoba ningemshauri mtu asiinunue sahani ya zamani, bali atafute zile sidii mbili za 1999. Mwenzetu mmoja wa Malindi anapinga hili kwa nguvu. Anasema sahani ya 1956 ndiyo iliyomrudishia Ellington jina lake na ndiyo waliyoisikia watu wa wakati ule, kwa hiyo nayo ni historia. Naiheshimu hoja yake, lakini mtu anayenunua sahani ya ukumbini ananunua ukumbi, na ukumbi ukiwa umetengenezwa studio, kitu alichokitafuta hakimo.

Village Vanguard inahitaji nafasi ndefu zaidi, kwa sababu hapo tunapata kitu adimu: chumba kimoja, mwaka mmoja, miezi isiyotimia mitano kati ya rekodi moja na nyingine, na muziki unaotofautiana kama kusi na kaskazi. Ukumbi wenyewe uko chini ya ardhi katika mtaa wa Seventh Avenue South mjini New York. Ulifunguliwa mwaka 1935, umbo lake ni kama pembetatu, na hauchukui watu wengi zaidi ya 120 hivi. Dari ni la chini, na sauti haina pa kukimbilia. Wapigaji na wasikilizaji wanakaribiana kama watu wa barza moja.

Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, Bill Evans kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu walipiga awamu tano, mbili mchana na tatu usiku, na zote zikarekodiwa kwa ajili ya kampuni ya Riverside. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 6 Julai, LaFaro alifariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 25. Evans na mtayarishaji wake Orrin Keepnews walipochagua vipande vya sahani ya kwanza, “Sunday at the Village Vanguard”, walitanguliza vile vinavyomdhihirisha marehemu, na wakaifungua na kuifunga kwa tungo zake mwenyewe mbili. Vingine vikatoka mwaka 1962 katika sahani ya pili, “Waltz for Debby”, yenye nyimbo tulivu zaidi na za kupendeza upesi.

Kinachofanyika katika muziki huu si cha kiongozi na wafuasi. Besi haikai chini ikihesabu mapigo. Inajibu, inauliza, wakati mwingine inamkatiza piano, na dramu hupita kati yao kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya watu wawili anaowapenda. Anayejua jinsi udi na fidla zinavyofuatana katika bashrafu iliyopigwa vizuri, moja ikipamba pale nyingine inapopumua, atatambua adabu hii mara moja. Lakini wasikilizaji wa siku ile ni wa ajabu. Wanazungumza. Glasi zinagongana, mtu anacheka katikati ya kipande cha huzuni, na makofi mwishoni ni machache kama ya watu waliokumbushwa. Miaka ya mwanzo jambo hili lilinikera mno. Sasa ndilo linalonifanya niipende rekodi hii kuliko zote, kwa kuwa naisikia tofauti iliyopo kati ya watu watatu wanaosikilizana kwa uangalifu wa hali ya juu na chumba kisichojua kinachotokea ndani yake. Hakuna rekodi ya studio inayoweza kunionyesha hilo.

Novemba ya mwaka huo huo alikuja Coltrane na kundi lake kwa ajili ya kampuni ya Impulse!, na mhandisi wa sauti akawa Rudy Van Gelder. Sahani iliyotolewa mwaka 1962 ina vipande vitatu tu. Upande wa kwanza una “Spiritual”, ambamo Eric Dolphy anapiga klarineti ya besi yenye sauti nzito ya kina, na wimbo mmoja wa zamani wa jukwaani. Upande wa pili wote umechukuliwa na “Chasin’ the Trane”, dakika karibu 16 za saksafoni, besi na dramu, bila piano. Hiyo nayo ni bluzi ya vipimo 12, kama ile ya Newport, na ndiyo maana ulinganisho wa hizi mbili una manufaa makubwa kwa mwanafunzi wa muziki huu. Gonsalves anajenga ngazi ambayo umma mzima unaweza kuipanda pamoja naye. Coltrane anaingia akiwa tayari juu, halafu anapinda sauti, anaikwaruza, anaivunja na kuiunga tena, huku mpiga dramu Elvin Jones akiyamwaga mapigo kutoka kila upande. Watu wa ukumbini wananyamaza. Mwezi ule ule gazeti la jazi la Down Beat lilichapisha uhakiki uliouita muziki wa Coltrane na Dolphy kuwa ni upinzani dhidi ya jazi, na kwa kweli anayeusikia mara ya kwanza anaweza kuona aliyeandika hivyo hakuwa mbali.

Nataka niseme wazi kwamba kwa msikilizaji wa kwetu ugumu wa sahani hii unapungua sana akiikaribia kupitia “Spiritual”. Kipande hicho kinaanza bila haraka, sauti moja ikitangaza na nyingine zikitandaza chini yake, kama taksimu inayotafuta maqamu yake kabla ya ngoma kuingia. Nimemchezea kipande hiki mpiga fidla mmoja wa taarab, mtu mzima ambaye hakuwa amewahi kumsikiliza Coltrane, naye alitulia mpaka mwisho, kisha akaomba kirejewe. Upande wa pili aliukataa. Hilo halikunishangaza, wala halikuishusha sahani machoni pangu.

Rekodi ya Carnegie Hall ina hadithi inayowafurahisha wapenzi wa kanda za kale. Monk na Coltrane walikuwa pamoja kwa miezi michache tu mwaka 1957, na kwa muda mrefu ushahidi uliobaki wa ushirikiano huo ulikuwa haba. Mwanzoni mwa 2005, kanda za Voice of America za tarehe 29 Novemba 1957 zikagunduliwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na kampuni ya Blue Note ikazitoa mwaka huo huo. Sauti ni safi kupita matarajio, ukumbi ni mkubwa na wa heshima, na makofi yanakuja mahali pake kama katika karamu ya watu wazima. Kwetu ina kivutio kingine: mpiga besi ni Ahmed Abdul-Malik, Mwislamu wa Brooklyn aliyepiga pia udi, na ambaye mwaka 1958 alirekodi studio sahani iitwayo “Jazz Sahara” akichanganya saksafoni na udi, kanuni, fidla na dumbaki. Vyombo hivyo hatuhitaji kutafsiriwa. Carnegie ni sahani isiyomwangusha mtu. Hata hivyo nikiulizwa kama inamtia mtu ndani ya chumba kama Vanguard inavyofanya, nitasema hapana.

Köln ni hali ya pekee kabisa. Tarehe 24 Januari 1975, Jarrett, akiwa amechoka na anaumwa mgongo, alikuta katika jumba la opera piano ndogo isiyo sawa na aliyoiomba, yenye sauti kali juu na dhaifu chini. Alitaka kuacha, na mwandaaji wa onyesho, binti wa miaka 18, akambembeleza mpaka akakubali. Alipiga peke yake, bila tungo iliyoandikwa, na kwa kuwa piano haikumpa besi ya kutosha, mkono wa kushoto ulikaa katikati ukirudia mafungu mafupi kwa msisitizo. Kampuni ya ECM ikaitoa katika sahani mbili zenye pande nne, nayo imeuzwa kwa mamilioni ya nakala. Ndiyo rahisi kupatikana ikiwa imetumika, na kwa nyumba yenye wageni wasioijua jazi ndiyo isiyokataliwa na mtu. Upungufu wake kwa ulinganisho huu ni kwamba wasikilizaji wanasikika kwa nadra sana. Wapo, wamezuia pumzi, lakini ni piano na miguno ya mpigaji mwenyewe tu ndiyo inayojaza chumba.

Sasa nije kwenye sahani zenyewe kama vitu vya kushika mkononi, maana hapa ndipo kisiwa kinapobadilisha ushauri ambao mtu angeupata London au New York. Huko wakusanyaji husifu toleo la kwanza: Riverside za mwaka 1961 na 1962, au Impulse! zenye lebo ya rangi ya chungwa na nyeusi, na kwenye Impulse! hizo hutazama sehemu tupu iliyo karibu na lebo wakitafuta mhuri wa “RVG” au “VAN GELDER”, alama kwamba mhandisi mwenyewe ndiye aliyeichonga mifereji ya sahani mama. Nimewahi kuishika nakala kama hiyo na siwezi kukanusha uzuri wake. Lakini nakala safi ya “Waltz for Debby” ya toleo la kwanza huuzwa kwa mamia ya dola, na isiyo safi ni hasara kwa sababu maalumu: muziki wa Evans ni wa sauti ya chini, na kila mkwaruzo, kila chembe ya vumbi na kila doa la ukungu linasikika juu ya piano. Coltrane anazifunika kasoro hizo. Nakala yake iliyotumika, hata ikiwa na mikwaruzo midogo, inavumilika. Köln, kwa kuwa nayo ni piano tupu, inafuata kanuni ya Evans, na zaidi ya hapo upande wake wa kwanza una dakika 26. Mifereji ya upande mrefu hubanwa, kiwango cha sauti hushuka, na kelele za uso wa sahani hujitokeza kwa urahisi.

Kwa hiyo Evans anunuliwe mpya, katika toleo lililorudiwa linalotaja waziwazi kwamba limechongwa kutoka kanda za asili. Angalizo hilo la kutaja si la bure. Rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1963 zimekwisha kutoka katika ulinzi wa haki za kurekodi kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, na kwa sababu hiyo zipo kampuni ndogo zinazozitoa tena kwa bei nafuu bila kufika kwenye kanda za asili, wakati mwingine kwa kunakili sidii tu. Jalada linapendeza, uzito wa gramu 180 unatangazwa kwa herufi kubwa, na chanzo cha sauti hakitajwi popote. Uzito haufanyi muziki usikike vizuri zaidi. Huifanya sahani iwe imara, basi. Kwa sahani iliyotumika, mnunuzi azijue pia herufi za wauzaji: NM ni karibu na mpya, VG+ ndiyo ya kununuliwa bila wasiwasi mkubwa, VG ina kelele za kusikika, na G, ambayo kwa jina huahidi wema, kwa kawaida ni sahani iliyochoka.

Mashine ya kuchezea ina mtego wake. Miaka kadhaa iliyopita jamaa yangu aliniletea kutoka Marekani mashine nzuri ya zamani. Nikanunua transfoma ya kushusha volti 230 za hapa kuwa 110, nikaweka sahani ya Coltrane, na kwa wiki nzima niliamini kwamba nimeletewa rekodi ya mtu mgonjwa. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi kasi ya mawimbi ya umeme. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, kwetu mara 50, na mota za zamani za aina ile hufuata mapigo hayo. Badala ya mizunguko 33 na theluthi, sahani yangu ilikuwa ikizunguka takriban mara 27.8 kwa dakika, na sauti yote imeshuka nusu-toni tatu na zaidi kidogo. Mashine za kisasa zenye mota ya umeme wa moja kwa moja, zinazotumia adapta ndogo, hazina tatizo hilo. Anayeletewa mashine aulize kuhusu mota kabla ya kuuliza kuhusu jina la kampuni.

Kuhusu hali ya hewa nitasema kwa kifupi ninachofanya, kwa kuwa masika mawili yalinitosha kujifunza. Sahani zisimame wima, zisiegemee ukuta wa mawe na chokaa, ambao katika nyumba zetu za Mji Mkongwe huvuta unyevu na kuushika. Nailoni ya nje ya dukani itolewe, kwa sababu hufungia unyevu ndani. Karatasi ya ndani ibadilishwe kwa mfuko laini wa plastiki. Doa la ukungu lisafishwe kwa kitambaa laini na maji ya betri, yaani yale safi yaliyotoneshwa, na mtu ahakikishe hakupewa tindikali. Sahani inayovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam isikae juu ya sitaha wala kwenye kioo cha gari Malindi bandarini, hata kwa robo saa. Jua la saa saba mchana linatosha kuikunja.

Kwa mtu niliyemkusudia, basi, agizo la kwanza ningelipeleka kwa “Sunday at the Village Vanguard”, mpya, toleo lenye chanzo kilichotajwa. Kama anajijua kuwa hupenda zaidi nyimbo tulivu, achukue “Waltz for Debby” mahali pake, maana ni siku ile ile na chumba kile kile. La pili liende kwa Coltrane wa Novemba, iliyotumika ya daraja la VG+, ili azisikilize Juni na Novemba kwa zamu. Newport aichukue kwa sidii za 1999 wakati wowote, kwa fedha kidogo. Carnegie isubiri mwaka wa pili, na Köln anunue siku atakapoikuta safi mbele ya macho yake, si kwa kuagiza.

Pande mbili za “Sunday” hazizidi dakika 42 au 43 zikijumlishwa, kwa hiyo ukiiweka sindano ukisharudi kutoka Magharibi unapata nafasi ya kuisikiliza yote, kuigeuza bila haraka, na hata kuurejea ule utungo wa mwisho wa LaFaro kabla ya kuizima mashine kwa adhana ya Isha.